Mabua ya Mchwa

Tarehe 9 Novemba

Bibi shamba Ritha ameniletea daftari hili na kopo la plastiki la kupimia mvua. Anataka niandike msimu mzima, inyeshe isinyeshe, pamoja na habari za mchwa wangu, kwa sababu wakubwa wake wilayani hawaamini anachowaeleza. Nimemwuliza na hasira zangu nizipeleke wapi. Amecheka, akasema daftari lina kurasa nyingi. Haya, atazisoma mwenyewe.

Mvua: hakuna.

Tarehe 10 Novemba

Hakuna.

Tarehe 12 Novemba

Hakuna, na joto la kumkosesha mtu adabu. Nieleze basi shamba lenyewe, maana hao wakubwa hawajawahi kulikanyaga.

Mume wangu Mihayo alifariki miaka minne iliyopita. Hata matanga hayajaisha vizuri, ukoo wake ukakaa kugawa ardhi. Mbuga ya chini, yenye udongo mweusi, akachukua mdogo wake Boaz. Mimi nikapewa kipara. Hapa Kishapu kila mtu anajua kipara cha itogolo ni kitu gani: ardhi nyeupe, ngumu, jembe linadunda, na mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake kwenda kwa jirani. Hata mbuzi hasimami hapo. Mzee Selestine, baba mkubwa wa marehemu, alisema mjane mwenye binti mmoja, tena aliyeolewa, hahitaji eneo kubwa. Wote wakaitikia. Mimi nilikaa kimya, na kimya kile sijakisamehe hadi leo.

Kilichoniokoa ni ngitili, yaani kile kipande cha msitu ambacho ukoo hukifunga ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikali. Nilikuwa naingia kuokota kuni, nikaona ardhi ya mle ni itogolo ile ile, lakini chini ya majani makavu mchwa wameitoboa vitundu kila mahali, na mvua ikinyesha maji yote yanazama. Nikasema kama wanachotaka ni majani, mimi nitawapelekea. Wenzangu walipokuwa wanachoma mabua baada ya mavuno, mimi nilipita nikiyaomba, nikajitwisha, nikayatandaza kwenye kipara na samadi juu yake. Kijiji kizima kilinicheka. Wakaniita Mama Mchwa. Mwezi wa pili mchwa wakaja wenyewe. Walikula mabua kutokea chini, wakatoboa ule ugumu, wakapandisha udongo mbichi kutoka huko kwenye kina. Mwaka wa pili nilivuna choroko. Mwaka wa tatu mtama ukanipita kimo. Sasa nina vichuguu vinne, na hakuna mtu wa ukoo ule aliyebeba hata bua moja.

Tarehe 18 Novemba

Mvua ya kwanza, kidole kimoja na nusu kwenye kopo. Ilipokatika tu kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu cha mashariki. Agnetha, mke mdogo wa Boaz, alikuja na beseni kuomba ruhusa ya kuokota. Aliomba vizuri, siwezi kusema uongo. Ni binti wa Ushirombo, Kisukuma chake cha kuungaunga. Boaz alimwoa huko anakochimba dhahabu, akamleta hapa atunze ng'ombe, yeye akarudi zake Geita. Ruhusa nimempa lakini sikukaa naye kupiga soga. Mtu wa nyumba ya Boaz ni masikio ya Boaz.

Aliniuliza, "Mama Noela, hawa hawakumalizii mahindi?"

Nikamjibu, "Wakishiba mabua, mahindi wanayataka ya nini?"

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nadhani anakariri ili akamwambie mumewe.

Tarehe 2 Desemba

Vidole viwili. Nimepanda mtama.

Tarehe 3 Desemba

Nimepanda choroko. Mgongo.

Tarehe 11 Desemba

Kidole kimoja. Boaz amerudi kutoka machimboni, na safari hii anasema amerudi moja kwa moja. Duara lao, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, limejaa maji. Alifika shambani kwangu kabla hata hajamsalimia Mzee Selestine.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Alisimama ukingoni, mikono mifukoni, akatazama shamba kwa muda mrefu. "Kumbe kipara kimetema," akasema.

Ndivyo wachimbaji wanavyosema duara likianza kutoa dhahabu. Sikupenda alivyosema. Mtu wa machimboni akiona kitu kimetema hafurahii tu na kupita.

Tarehe 12 Desemba

Vidole viwili na nusu. Uyoga umeota kando ya vichuguu viwili. Nimeula peke yangu wote.

Tarehe 6 Januari

Tangu ile ya mkesha wa Krismasi, siku kumi na tatu bila tone. Leo asubuhi Boaz alikuja akipiga kelele toka mbali. Sehemu ya juu ya mbuga yake ina mahindi, na mchwa wanayakata shina, yanalala chini. Anasema ni mchwa wangu.

"Mchwa wako wanavuka njia, shemeji. Unafuga wadudu halafu wanakuja kula kwangu."

"Umewawekea alama masikioni ukajua ni wangu?"

"Usinifanyie mzaha."

"Boaz, wewe ulichoma mabua yote. Ulifagia shamba likawa jeupe. Mchwa anakula kilichokauka. Usipomwachia hicho, na kwa jua hili mahindi yamekauka yakiwa yamesimama, utamlaumu kwa lipi?"

Akaniambia mimi ni mwanamke, nimesoma darasa la saba, mambo ya udongo nimejulia wapi. Nikamwambia nimejulia mgongoni. Aliondoka akitukana kwa Kisukuma, tena matusi ya kizamani ambayo hata sikujua anayajua.

Nilitetemeka mpaka mchana. Nilikuwa na haki, na bado nikatetemeka. Hilo linaniudhi kuliko matusi.

Tarehe 9 Januari

Hakuna.

Tarehe 15 Januari

Hakuna. Mtama wa mbugani kwa Boaz umejikunja. Wangu umesimama.

Tarehe 27 Januari

Hakuna. Ritha alikuja na pikipiki na watu wawili kutoka wilayani. Alichimba mashimo mawili, moja kwenye shamba langu, jingine nje ya mpaka ambako bado ni kipara. La nje, jembe lilitoa cheche. Kwenye langu liliingia mpaka mpini, na udongo wa chini ulikuwa na unyevu, wiki tano bila mvua. Aliwaonyesha vijia vya mchwa, vyembamba kama mrija wa soda, vinavyoshuka chini. Wale wageni wakapiga picha. Mmoja akaniuliza siri ni nini. Watu walikuwa wamejaa, na Boaz alikuwa kwenye njia ya ng'ombe anasikiliza.

Hapa ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilisema kwa sauti kwamba ardhi hii nilipewa kwa dharau, na kwamba leo ndiyo ardhi bora ya ukoo mzima, hata mbuga haioni ndani. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Boaz hakucheka.

Tarehe 15 Februari

Mvua imerudi, kidole kimoja, na wala siioni. Nimetoka kwenye kikao cha ukoo. Naandika haraka, Ritha atanisamehe mwandiko.

Waliniita saa nne asubuhi. Wanaume tisa kwenye viti, mimi kwenye kigoda. Mzee Selestine alianza na sala ndefu, na mtu akianza kukudhulumu kwa sala ujue amejiandaa. Kisha akasema ardhi ni ya ukoo, marehemu hakuacha mtoto wa kiume, na Boaz amerudi nyumbani na wake wawili, na mbuga peke yake haimtoshi.

Nikasema, "Baba, mlinipa mbele ya watu. Wewe mwenyewe ulipiga hatua kuonyesha mpaka."

Boaz akajibu badala yake. "Tulikupa kipara, shemeji. Hiki siyo kipara tena."

Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta atakayecheka, maana nilidhani ni mzaha. Walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Walikuwa wanaona ni hoja. Waliniazima ubovu, nikautengeneza, na sasa kwa kuwa siyo ubovu tena, siyo changu. Nikauliza kama mtu akikuazima ng'ombe mgonjwa ukamtibu, anaporudishiwa hashukuru hata kwa aibu. Mzee Selestine akasema, "Tunashukuru sana, Mama Noela." Alishukuru kweli, na huyo ndiye mtu ninayepaswa kumwamkia kila asubuhi.

Mbaya zaidi ilikuja mwishoni. Walisema kwa kuwa mkono wangu ni mzuri, hawataniacha hivi hivi. Nitavuna mtama huu, kisha watanipa kipara kingine, kile cha karibu na lambo, kikubwa kuliko hiki. Boaz akaongeza kwamba baada ya miaka mitatu minne na hicho kitakuwa kizuri. Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikaona mstari mzima wa vipara mbele yangu, nikivibebea mabua mpaka kichwa kichubuke, na Boaz nyuma yangu akivipokea kimoja kimoja.

Nilisimama nikaondoka bila kuaga. Wanasema sina adabu, na safari hii wamesema kweli.

Tarehe 16 Februari

Ritha anasema niende baraza la kata, sheria iko upande wangu. Binti yangu Noela kwa simu anasema nihamie kwake Ushirombo. Wote wawili wanasema kwa upendo. Lakini nikiwashtaki watu hawa, nikifa atanizika nani? Na nikihamia kwa mkwe, nitakaa kwenye kiti nikisubiri kupikiwa. Nina miaka hamsini na minne. Sitaki kupikiwa.

Tarehe 2 Machi

Vidole vitatu. Sijazungumza na mtu.

Tarehe 14 Machi

Vidole viwili. Agnetha alikuja tena. Huyu mtoto haoni watu wakinuna? Aliniamkia kwa Kisukuma chake, akachuchumaa kando ya kichuguu, akaanza maswali. Samadi inatangulia au mabua? Yanatandazwa manene kiasi gani? Mabua ya pamba yanafaa au ya mtama tu? Nikajua kabisa Boaz amemtuma aje achukue ujuzi kabla hawajachukua ardhi. Nikamwambia aende akamwulize mumewe, maana yeye ndiye mtaalamu wa vitu vinavyotema. Aliinuka, akafuta magoti, akasema, "Samahani, dada." Nilimtazama akienda na nikaona nimeshinda.

Tarehe 30 Machi

Kidole. Ndege wanakula mtama. Nimepiga debe siku nzima.

Tarehe 22 Aprili

Nusu kidole. Ya mwisho hiyo, naona.

Tarehe 12 Mei

Hakuna. Nimemaliza kuvuna. Gunia saba. Kwenye mbuga ya Boaz, ambayo ni mara tano ya langu, zimetoka nne. Nilidhani nitafurahi.

Tarehe 21 Mei

Hakuna. Leo nitaandika yote, kwa sababu nikiacha hata neno moja nitaanza kujidanganya.

Jana Boaz alipita, akasema baada ya siku tatu nimkabidhi, na akaniambia nisisahau kuacha mabua yangu shambani, maana ni ya mchwa. "Ni ya mchwa," alisema, kama mtu anayekumbusha kuacha funguo mlangoni. Sikulala vizuri. Leo saa sita, jua likiwa utosini na watu wote wamejificha vivulini, nilitoa chupa ya dawa ya pamba ambayo Mihayo aliiacha darini, nikachukua mtaimbo na ndoo.

Nilianza na kichuguu cha mashariki. Nilipiga mtaimbo katikati mpaka ukapenya ukaenda wenyewe, nikajua umefika chumbani kwao. Nikamimina. Nikaenda cha pili. Nikasema kwa sauti, mlinipa kipara, nitawarudishia kipara. Sina uhakika nilikuwa namwambia nani, maana hapakuwa na mtu. Cha tatu kilikuwa kigumu, nikapiga mpaka malengelenge yakapasuka. Wale askari wenye vichwa vyekundu walitoka kwenye tundu, wakauma mtaimbo, wakauma kiatu. Walikuwa wanapigania nyumba yao, na mimi nikawaonea wivu kwa kuwa walijua adui ni nani. Kisha nikamimina.

Cha nne nilikimalizia ile iliyobaki kwenye ndoo. Mabua yote niliyachoma. Mimi, Mama Mchwa, nilichoma mabua. Moshi ulipaa mrefu, na nina hakika Boaz aliuona kutoka nyumbani.

Naandika hasira hii ilikuwa tamu. Ndiyo, ilikuwa tamu. Nilirudi nyumbani nikala ugali mzima.

Tarehe 23 Mei

Nimekabidhi. Mzee Selestine alikuja kuwa shahidi. Boaz alitazama majivu, akanitazama mimi, akasema ameona nimefanya usafi. Hajui kitu. Haelewi hata alichoninyang'anya. Nikamwuliza atapanda nini. Akasema hatapanda yeye, atajua mwenyewe nani wa kumpa. Sikujali ni nani.

Tarehe 4 Juni

Nimepita pale nikienda lambo. Mtu ametandaza mabua kwenye shamba, kwa mistari, na samadi juu. Boaz anawaandalia karamu mchwa waliokufa, nikasema. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Tarehe 9 Juni

Ritha aliniuliza vichuguu vinaendeleaje. Nikamwambia shamba siyo langu tena, akaulize wenyewe. Ni mara ya kwanza namwambia Ritha jambo la kumkwepa.

Tarehe 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Agnetha alikuja asubuhi. Nilikuwa natwanga, sikumkaribisha. Alikuwa na kata ya kubebea mizigo kichwani na mikwaruzo shingoni, ile inayotokana na kubeba mabua ya mtama bila khanga. Naijua mikwaruzo ile. Nilikuwa nayo miaka mitatu.

Akasema, "Dada, najua hutaki kuniona. Nina swali moja halafu naondoka."

Kumbe shamba lile amepewa yeye. Mke mkubwa ana mbuga, na Agnetha hakuwa na hata tuta moja tangu aletwe hapa, analima kwa wengine na kuomba mboga kama mgeni. Aliposikia shamba langu linachukuliwa alinyamaza, kwa sababu angesema nini, na nani angemsikiliza. Alipopewa aliamua alitunze kama mimi nilivyolitunza. Mabua amekuwa akiyachukua kwenye lishe ya ng'ombe, kidogo kidogo, na Boaz amemgombeza mara mbili kwa ajili hiyo. Yale maswali ya mwezi wa tatu hakutumwa na mtu. Alikuwa anataka kuanza pake mwenyewe, kakipande kadogo nyuma ya zizi.

"Wiki tatu nimewawekea," akasema. "Nawamwagia na maji jioni. Nikifunua chini, hakuna hata mmoja. Nimefikiria labda samadi ilikuwa mbichi. Nimekosea wapi, dada?"

Mchi ulikuwa bado mkononi mwangu. Ningeweza kusema ndiyo, samadi ilikuwa mbichi. Angeamini. Angeendelea kubeba mabua mpaka mwaka ujao akijilaumu, na mimi ningeendelea kuwa mwanamke aliyedhulumiwa, ambaye watu wanamwonea huruma njiani. Nilifikiria hivyo, na niliandika huko nyuma kwamba sitaacha neno.

Nikamwambia, "Hukukosea. Niliwaua. Vichuguu vyote vinne, kwa dawa ya pamba. Nilidhani shamba anachukua Boaz."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane, ningejua la kujibu, matusi nimeyazoea. Badala yake alishusha ile kata kutoka kichwani, akaishika kwa mikono miwili.

Akasema, "Boaz huwa ananiambia wewe ni mtu mbaya. Kila siku namkatalia."

Akaondoka. Sikumaliza kutwanga.

Tarehe 15 Juni

Hakuna mvua. Nimepeleka matita mawili ya mabua niliyoomba kwa majirani kwenye shamba la Agnetha, nikayatandaza upande wa ngitili, ambako mchwa wengine wanaweza kuja wenyewe wakisikia harufu. Alikuwepo, analima. Nilimsalimu, hakuitikia. Kesho nitapeleka mengine.